Mguu wa Kuku

Jeppestown, Johannesburg

Da Mwanaharusi,

Sisi wazima, ila baridi imetubana. Uliniuliza shemeji yako Mwadini anafanya kazi gani siku hizi. Anachonga masanduku ya mbao ya kuwekea bastola za zamani. Wakusanyaji wa Randburg wanazigombania, hasa Colt. Mteja mmoja alimwonyesha ya babu yake, akawa anaipangusa kwa leso kama uso wa mtoto. Alisema umbo lake lina miaka zaidi ya mia na hakuna lililolipita kwa uzuri.

Juzi Mwadini akaja nayo nyumbani ili apimie sanduku, na sheria hairuhusu. "Nimeleta mguu wa kuku," alininong'oneza, kama tunavyoiita bastola kwetu, ili Arafa asielewe.

Dada, Arafa mwanangu kazaliwa huku. Anacheza kwa Kizulu, Kiswahili anaokota neno moja moja, na miguu ya kuku ya spaza, viduka vya mtaani huku, ndiyo roho yake. Nilikuwa nakaanga vitunguu nikamsikia nyuma yangu:

"Mama, huu mguu gani? Haung'atiki."

Niligeuka. Ameishika kwa mikono miwili, na mtutu umelowa mate.

"Haina kitu hiyo," Mwadini akasema, akamnyang'anya. Akavuta nyuma chuma chake cha juu kunihakikishia. Risasi nzima ikachomoka, ikaviringika hadi chini ya jiko.

Bastola imesharudi kwa mwenyewe. Arafa namleta kwako Tanga shule zikifungwa. Mfundishe Kiswahili chote, hata kile tunachofichia mambo.

Mdogo wako,
Najma