Kitanda cha mama mkwe

Umi, uko? Shamte wangu kamkata Ukasha kwa tezo la kuchongea mbao. Mdogo wake wa tumbo moja!

Unajua Ukasha alivyohangaika kuchonga gitaa lake. Mbao mbichi zilikuwa zinampasukia, akawa anatafuta mninga mkavu wa mgongo na mbavu za gitaa. Basi kavunja kitanda cha marehemu mama yao! Hata vile vijiti vya ndani vinavyoshikilia uso wa gitaa kavichonga kutoka kwenye tendegu, mguu wa kitanda.

Shamte karudi, kauona ubao wa kichwani umepasuliwa katikati. "Mama kafia hapa, wewe unachonga gitaa?"

Ukasha kamjibu, "Sasa ataimba."

Ataimba, Umi! Unamjibu hivyo mtu keshaokota tezo?

Kampiga. Ukasha kakinga kwa mkono wa kushoto, vidole viwili vikaanguka kwenye maranda.

Shamte huyohuyo kavua shati, kamfunga, kampakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemshikilia. Kutoka Kiegeani mpaka hospitali Shamte analia, na Ukasha anamnong'oneza: "Kaka, tukifika sema nimejikata mwenyewe."

Polisi ndio hao wanaingia. Na wewe akikuuliza mtu, Umi, kajikata.