Povu Lililopita Juu ya Baba

São João do Cariri, 6 Novemba

Naomba baraka yako, Baba. Hujambo huko Bahia? Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, mbuzi wa Bibi kazaa mapacha.

Nimepata kazi kituo cha kuchunguza anga. Nasafisha kioo cha kamera inayopiga picha mbingu nzima kwa pamoja. Usiku, hewa ya juu kabisa hutoa mwanga mwekundu hafifu. Jicho halioni, kamera inaona. Mara nyingine mapovu makubwa hupanda ndani ya mwanga huo, yakatokea pichani kama vidole vyeusi. Baba, ni mazuri mno.

Bado siongei na watu. Dona Ivonete, mkuu wangu, ananiita Paka.

Binti yako,
Edilaine

Shambani, 13 Novemba

Mungu akubariki, mwanangu. Mgongo ni ule ule. Hongera, Paka.

Mimi nina balaa. Juzi jioni trekta, linaloongozwa na setilaiti, liliacha mstari lenyewe, mbegu zikaenda upogo. Msimamizi Valdir akaja: "Genival, umepanda soya au umecheza ngoma ya forró?" Wenzangu wakacheka. Kisha akasema mstari ukipinda tena, nifungashe virago. Sikunywa, sikulala. Wewe unaniamini?

Baba yako

14 Novemba

Naomba baraka yako, Baba. Umelala salama?

Nakuamini. Mawimbi ya setilaiti yakipita kwenye povu huvurugika. Nilisimama mlangoni kwa Dona Ivonete mpaka akasema, "Paka, ingia au toka, mbu wanaingia." Nikamwomba picha za usiku wa siku ile. Povu limo, Baba! Mapovu huenda mashariki: lililopita juu yako lilifika kwetu saa chache baadaye. Picha hii hapa kwenye simu, mwonyeshe Valdir. Trekta likiyumba tena, simama.

Binti yako

20 Novemba, jioni

Mungu akubariki. Bibi hajambo?

Valdir aliigeuzageuza picha. "Povu la sabuni hili?" Leo jua lilipozama, mshale kwenye skrini ya trekta ukaanza kurukaruka. Nikazima injini. Akaja mbio: "Nani kakwambia usimame?"

"Binti yangu."

"Haya. Povu lisipofika kwao usiku huu, kesho unaondoka."

Niandikie upesi, mwanangu.

Baba yako

20 Novemba, usiku

Limefika! Jeusi, refu, limeingia kutoka magharibi, kutoka kwako. Nikasema kwa sauti, "Hilo la baba yangu," chumba kizima kikageuka. Dona Ivonete akasema, "Kumbe Paka anaongea." Picha ninakutumia sasa hivi. Mwamshe Valdir.

Samahani, kwa haraka nimeanza bila kuomba baraka. Naiomba sasa, Baba.

Binti yako