Nilisema "Kidogo" Redioni

Tamsin, rafiki yangu, nimejifungia chooni katika kituo cha redio na sithubutu kutoka.

Wimbo wa kwanza wa bendi yetu unawakejeli wapanki, wale wapiga muziki wa punk, wanaojisifia fujo ambazo hawakuwamo. Niliuandika mimi, na kila neno nililiamini.

Kumbe Declan, mpiga gitaa wetu, alipokuwa akichapa majalada ya santuri kwa mkono katika karakana ya chuo, aliongeza maneno kwamba mwimbaji, yaani mimi, aliwahi kukamatwa kwenye maandamano. Eti ilikuwa mzaha!

Mtangazaji alilisoma jalada, akaniuliza hewani: "Polisi walikupiga, bibie?"

Nikajibu: "Kidogo."

Kidogo, Tamsin! Mara pekee niliyofika polisi nilikwenda kuripoti baiskeli iliyoibwa, wakanipa chai na biskuti.

Declan anagonga mlango. "Toka, kamanda! Wanataka tuupige sasa hivi."

"Nitauimbaje, Declan, ilhali ninayekejeliwa ni mimi?"

"Basi utauimba kwa uchungu. Safi sana!"

Anacheka. Mwenzangu anacheka.

Ee Mungu, mama alikuwa akisikiliza. Ameniandikia kwamba amepanda basi kwenda kituo cha polisi, na hatatoka pale mpaka waniombe radhi.

Natoka, Tamsin. Lazima niukiri uongo wangu hewani kabla mama hajashuka basini.