Ufagio Mlangoni

Jumamosi, 12 Oktoba. Asubuhi ukungu ulifunika mizabibu yote.

Rafiki yangu Hedwig, nimekwisha!

Nilifagia, nikatundika ufagio nje, nikaketi kufanya kazi niliyopewa kwenye darasa langu la jioni. Miaka yote hii hapa, nikasahau kwamba huku kwa wakulima wa mizabibu ufagio mlangoni ni ishara kwamba divai inauzwa!

Watalii wanane, wazee, wakaingia jikoni. JIKONI, Hedwig! "Mama, hatuna haraka. Tuletee divai nyeupe."

Ningewafukuzaje? Walishavua makoti. Nikawamiminia divai pekee niliyokuwa nayo, ile niliyomtunzia Padri kwa misa ya kesho. Yote!

Mara Padri Kilian huyo mlangoni. "Mama Ottilie, nimefuata divai ya altare."

Mzee mmoja akainua glasi. "Tamu hii, Padri! Karibu!"

Mungu wangu. Nikasema mbele ya wote: "Padri, kesho kabla ya kengele nitaleta nyingine. Na ufagio nitalala nao kitandani."