Usitume Mto Mwingine

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Soko,
Jumatano asubuhi, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mume mwenzangu,

Pokea salamu zangu, wewe mwizi uliyeniibia mjukuu mchana kweupe na bado nikakuongezea godoro. Natumaini u mzima huko kambini, kwamba vumbi la hiyo barabara mnayoijenga halijakuziba kifua, na kwamba mpishi wenu bado hajawamaliza. Mimi sijambo kwa kadiri ya umri. Goti la kulia limegoma, la kushoto linamuunga mkono mwenzake, na macho yanaona mbali kuliko karibu, wakati karibu ndiko kwenye kazi. Bibi yako hajambo. Ulimi wake haujambo zaidi.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu yangu ilitumbukia kwenye chungu cha gundi, nikaitoa, ikakauka, sasa inafaa kugongea misumari. Ya mkeo siwezi kuazima kwa jambo hili, utaona mwenyewe kwa nini, na za mafundi zina masikio mengi. Na mwandiko uusamehe, shule tuliachana mapema, mimi na yeye, bila hata talaka. Barua hii nampa yule dereva wa lori anayetuletea vifurushi vyako. Nimemwambia akuwekee mkononi, asimpe mtu mwingine, hata bosi wenu.

Haya, nimeshazunguka vya kutosha, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nasema sasa.

Mkeo hali yake si nzuri. Kwenye simu anakwambia yuko poa, maana ndivyo mlivyo nyie vijana, mtu anazama huku anasema yuko poa. Hayuko poa. Anatapika asubuhi, anatapika mchana, anatapika hata maji matupu. Amekonda mpaka ile pete uliyomvisha ameizungushia uzi isidondoke. Na tumbo, ambalo kwa miezi yake lingekuwa linakata kona kabla ya mwenyewe, limekaa dogo kama la mtu aliyekula akashiba tu.

Kliniki nilimsindikiza mimi. Mkunga akampima tumbo kwa utepe, akarudia, akaukunja utepe polepole. Ninavijua vipimo, mwenzangu. Fundi akirudia kupima ujue kitambaa hakitoshi. Wakampeleka kwenye kipimo cha picha, na picha ikasema mtoto ni mdogo kuliko umri wake. Mkunga akamuuliza kwa upole kama anavuta kitu chochote. Akasema hapana. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje ya pazia, na ningeulizwa ningeapa pamoja naye.

Unaijua karakana yetu. Gundi haiyeyuki bila moto, na moto wetu haubagui chakula: vipande vya mbao, vitambaa vibovu, gunia, sufi iliyooza. Moshi wetu una kila harufu duniani. Majirani wameuzoea, na ndio maana wananiita Babu Moshi. Kwa hiyo ulipoanza kupita moshi mwingine pale uani, nyuma ya bafu, mzito, wa majani, nani angegeuza shingo? Aliyegeuza ni bibi yako, na akanigeukia mimi! Alinivuta shati mbele ya mafundi, akaninusa kuanzia shingoni hadi kwapani kama anachagua samaki.

"We mzee, umeanza bangi?"

"Mama, hiyo ni sufi."

"Sufi gani hiyo? Umeona uzee umepoa, ukaona uuchemshe?"

Mafundi walicheka mpaka mmoja akatema misumari aliyokuwa ameibana mdomoni. Na mimi nikawakonyeza. Nikajitia kuona haya, moyoni nikafurahi kwamba bado yupo mtu anayedhani naweza kufanya uhuni. Mwenzangu, nilikuwa nachekelea huku mwanao anavutishwa moshi nyuma ya ukuta wangu.

Sasa tuje kwako. Hivi, wewe kijana, una akili timamu? Unatuma mto wa kuegemea kwenye nyumba ya fundi wa makochi! Ungetuma pia chumvi baharini. Nimeshona mito ya maharusi, ya wagonjwa, ya waheshimiwa waliokalia makalio mazito kuliko sheria zao, halafu mke wangu mdogo anaegemeza mgongo kwenye kitu ulichonunua huko kwenye vumbi, kilichojazwa sijui matambara gani. Nilitukanika. Nilimwambia alete niufumue, niujaze sufi safi. Akakataa. Ulipokuja wa pili akakataa tena, akawa anaukumbatia hata akienda chooni.

Nikasubiri aingie kuoga. Nikauchukua, nikaukata uzi pembeni kwa kiwembe changu, nia yangu ikiwa njema kabisa, kukuaibisha wewe tu. Nikatia mkono. Katikati ya yale matambara nikakuta mfuko wa nailoni umekazwa na mpira, na ndani ya mfuko unajua kuliko mimi kuna nini.

Nilikaa chini. Si kwenye kiti, na viti viko tele pale. Chini, sakafuni.

Akatoka bafuni na kanga kichwani, akaniona na mfuko mapajani. Hakushtuka, ndicho kilichoniumiza.

"Babu, hiyo ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kichefuchefu. Nikivuta kidogo, chakula kinakaa. Mume wangu aliwauliza watu."

"Watu gani?"

"Wa kazini kwao."

"Madereva wa katapila ndio wakunga siku hizi?"

Hakucheka. Huyu binti amecheka upuuzi wangu tangu hana meno, na siku hiyo hakucheka. Nikaunyakua ule mfuko, nikaumwaga wote ndani ya chungu cha gundi, nikakoroga. Kochi la hakimu ndilo lililopata gundi hiyo, na akilikalia akatoa hukumu za ajabu, msinitafute mimi. Lakini mkeo aliniangalia nikikoroga, akaniambia neno ambalo bado limenikaa kooni.

"Aliyenipa ni baba wa mtoto. Wewe ni babu tu."

Kweli, mimi ni babu tu.

Kesho yake nikaenda kliniki peke yangu. Nikakaa foleni na wajawazito, mzee mzima na kofia yangu magotini. Mmoja akaniuliza, "Babu, wako una miezi mingapi?" Nikamwambia wangu ni wa ugali, huu hauzaliwi, unahama tu. Walicheka vizuri. Nilicheka nao mpaka mkunga aliponiita, na mlango ulipofungwa kicheko kilibaki nje.

Nilimweleza yote. Nikamuuliza swali la kijinga, maana nilidhani kondo la nyuma ni kama chujio, linazuia takataka za mama zisimfikie mtoto. Akasema si hivyo. Bangi inapita. Anachovuta mama kinaingia kwenye damu yake, kinavuka kwenye kondo, kinamfikia mtoto, na mtoto hana mlango wa kutokea akapunge hewa. Anaweza kuzaliwa na uzito mdogo, au njiti, kabla ya siku zake, atiwe mipira puani badala ya kupewa titi. Hata ubongo unaojengwa sasa hivi unaweza kuguswa, akaja kupata shida ya kutulia na kushika masomo akiwa mkubwa. Na akizaliwa, inapita pia kwenye maziwa.

Sikufichi alichosema, kizuri na kibaya. Alisema si kila mtoto hupatwa. Lakini alisema pia hakuna mtu aliyewahi kupata kipimo ambacho ukivuta hicho mtoto atakuwa salama. Nikamwambia ni majani tu, yameota ardhini kama mchicha. Akaniambia, "Babu, hata tumbaku ni majani."

Halafu akaongeza jambo jingine. Kuna watu, wakiizoea sana, yenyewe ndiyo inayowatapisha, na wanakimbilia kuoga maji ya moto wapate nafuu. Mwenzangu, mkaa wetu unaisha kwa maji ya kuoga ya mkeo! Bibi yako analalamika kila siku kwamba binti anajichemsha kama nguo za hospitali. Mkunga hakuapa kwamba ndivyo ilivyo. Alisema aletwe aangaliwe, awekewe maji mwilini, apewe dawa za kutuliza kutapika ambazo wanazijua na wamezipima kwa wajawazito. Akasema bado wakati upo, mtoto anaweza kujazia mwili, na kila siku isiyo na moshi ni faida kwake. Na akanituma nimwambie hivi: yeye ni mkunga, si askari.

Nilirudi mbio, mbio za magoti yangu. Nikamweleza mkeo. Akageukia ukutani. Bibi yako akamweleza, na bibi yako hajui kubembeleza, akaanza kwa kubembeleza akamalizia kwa kulia. Jana nikapiga magoti mbele ya kitanda, hili lililogoma na lile linalomuunga mkono. Nikamwambia, mama, nichape, nitukane, nihame hata nyumba hii nikalale karakana, lakini twende kliniki. Akasema anaogopa watampigia kelele mbele ya watu na kumwita muuaji. Akasema bila ile kitu chakula hakikai, atakufa yeye kabla ya mtoto. Na mwisho akasema utatuma nyingine, ulimwahidi.

Anamsubiri dereva kuliko anavyokusubiri wewe. Akisikia lori lolote linapunguza mwendo, anainuka kitandani.

Mimi najua ulituma kwa mapenzi. Usidhani nimekuita muuaji hapa, sikukuita. Mkeo alilia kwenye simu, wewe uko mbali, mikono haifiki, mwenzako akakwambia mke wake alitumia na mtoto akatoka mzima, ukaona umepata njia ya kumshika mkono. Nami ningekuwa huko, na kichwa chako hicho, labda ningefanya hivyo hivyo. Lakini sasa umejua. Kuanzia mstari huu huwezi kusema hukujua.

Maisha yangu yote mto ukisinyaa ninaufumua, ninaujaza, ninaushona, mwenyewe anaukuta umenona. Huyu wa tumboni akisinyaa nitamfumua wapi? Nitamjaza nini? Nimewaza mpaka nimemaliza mawazo. Sina mzaha uliobaki, na unajua mzaha kwangu ndio mkongojo.

Kwa hiyo nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu, hata mahari nilikufokea badala ya kuomba. Usitume mto mwingine. Usitume kwa dereva wala kwa mtu yeyote. Na ukimaliza kusoma hapa, usingoje kuoga wala kula, mpigie mkeo. Usimwambie babu kasema, babu hasikilizwi siku hizi. Sema wewe umesema. Mwambie ulikosea, kwa sababu yeye anaamini hukosei, na imani hiyo ndiyo inayomshikilia pale kitandani. Mwambie hutamwacha, maana hilo pia analiogopa, aliropoka akiwa usingizini. Mwambie aende kliniki kesho asubuhi, na kwamba mimi nitakaa mbele yake kwenye foleni, na atakayempigia kelele atanipigia mimi kwanza. Nina masikio yanayofaa, la kushoto halisikii kabisa.

Kama unaweza kupata ruhusa, njoo. Kama huwezi, sauti inatosha kwa sasa.

Naandika hapa na nyuma ya ukuta ninamsikia anatapika. Bibi yako anamshika paji la uso, namsikia anamwimbia kama alivyokuwa akimwimbia alipokuwa mtoto, na sauti ile ya bibi yako, Mungu anisamehe, haijawahi kuwa nzuri, lakini leo sijui niseme nini, leo nimeacha kalamu nikaisikiliza.

Bibi yako anakusalimu, ingawa kwanza alikutukana, nimekuchujia. Mama mkwe wako anakusalimu na hajui lolote bado, kwa hiyo usimpigie yeye. Mafundi wote wanakusalimu, hasa yule wa misumari, anauliza kama huko kwenu kuna kazi isiyotumia mdomo. Nisalimie rafiki zako wa katapila, na uwaambie watibu barabara, wake zetu watuachie.

Mungu akulinde na mitambo hiyo, akulinde na ushauri wa watu wema, akupe mtoto mzito wa kukuvunja mkono ukimbeba. Amina, na tena amina.

Dereva amewasha lori, naifunga. Mkeo akipokea simu atasema yuko poa. Usimwamini, na salamu ziache. Anza na lile neno, kwamba ulikosea.

Ni mimi nikupendaye hata ukiharibu,
Babu yenu.