Kaburi Lililobaki Ndani ya Msitu

Tabora,
Jumapili mchana.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua chako kimetulia na Mama amemaliza kuchambua tumbaku. Bibi je, anakula? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia tangu Alhamisi, na kosa ni langu.

Siku hiyo mwalimu wa Historia alitubandikia ramani ya zamani iliyochorwa na Waingereza. Kusini ya Sikonge pametiwa kijani kitupu, hakuna hata kijiji kimoja. Akauliza, "Nani anajua kwa nini?" Nikanyoosha mkono haraka, si unanijua. Nikasimulia yote ya Bibi: ugonjwa wa malale ulivyoingia, wakoloni wakaamuru watu wahame, nyumba zikachomwa ili mtu asirudi. Mama yake Bibi alitoka naye mgongoni na mafiga matatu kwenye tenga, mumewe hajamaliza hata mwezi kaburini.

Mwalimu akasema, "Walipokwisha kuwaondoa watu, wakaandika kwamba ni pori. Mpaka huo wa hifadhi ya msitu ndio tulionao hadi leo."

Ningeketi hapo. Lakini nilitaka wajue si pori. Nikaenda kwenye ramani nikaweka kidole. "Kaburi la baba yake Bibi liko hapa, ng'ambo ya mto. Baba yangu hulifyekea kila mwaka akienda kurina asali, na humwachia marehemu asali kidogo juu ya jani."

Rehema, ambaye baba yake ni askari wa misitu huko kwetu, akauliza, "Ana kibali?"

"Cha nini? Anakwenda kwa babu yake."

"Basi huyo babu ndiye atakayemwekea dhamana!"

Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka. Baada ya vipindi Rehema alinifuata, safari hii bila utani. "Mwenzangu, kuanzia wiki hii askari wana doria. Mwaka jana walimnyang'anya mzee mmoja baiskeli na mizinga yake, mwenyewe akalala mahabusu. Mzuie baba yako." Sikumuuliza kama ameshamwambia baba yake nilichosema. Niliogopa jibu.

Matroni alinipa simu mara mbili, hampatikani. Ndiyo maana barua hii anakuletea yule mama muuza nta, anayerudi huko kesho.

Mwalimu anasema kibali huombwa ofisi ya misitu. Mwenyekiti wa kijiji aandike, na Bibi aeleze akina nani wamezikwa pale na waliondolewaje. Najua utasema, "Nikaombe ruhusa kwa nani, kwenda kwa babu yangu?" Hata mimi inaniuma. Lakini Bibi ndiye aliyebaki na majina yao. Yakiingia kwenye faili lao, hawataweza kusema tena kwamba pale palikuwa patupu. Nikifunga shule nitakaa naye niyaandike, tuyapeleke pamoja.

Msalimie Mama. Bibi mpe shikamoo yangu, umwambie asikukasirikie kwa kuchelewa kwenda kaburini mwaka huu, anikasirikie mimi. Kaka naye asiende huko. Na wewe Baba, kama barua hii imekukuta umeshafunga ndoo za asali kwenye baiskeli, nakuomba uzifungue.

Binti yako anayesubiri kusikia kwamba uko nyumbani,
Neema