Chungu cha Deogratias

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimeamka saa kumi na moja. Sala. Chai ya tangawizi. Nimefagia ua. Saa mbili na nusu Deogratias bado amelala. Nimesimama mlangoni kumsikiliza anavyokoroma. Mkoromo mzito, wa marehemu baba yake. Nimefurahi mno.

Nimeandika katika daftari la mahudhurio, kama kila siku tangu alipoletwa nyumbani mwezi wa kwanza: Deo amelala, amekula. Wiki za mwanzo niliandika "hakulala". Mwanangu ana miaka thelathini na sita, nami, mwalimu mstaafu, namwekea mahudhurio. Hajalalamika.

Zimebaki siku kumi na mbili kumuaga Konsolata, binti yangu wa mwisho. Ataolewa Nyarubungo, Biharamulo, wiki moja baada ya hapo. Wakwe watakuja hapa Kibimba, Ngara, Jumamosi ya tarehe 23.

Jumatano, 13 Agosti

Ndizi za pombe zimefukiwa ziive. Deo amechimba shimo peke yake, akatandika majani ya mgomba, akapanga mikungu, akafunika. Mikono haitetemeki. Mwezi wa kwanza hakuweza kushika kikombe.

Petro, mdogo wa marehemu mume wangu, amekuja kusimamia kazi. Yaani amekuja kukaa.

"Shemeji, kijana amenenepa! Meno tu ndiyo yamebaki barabarani."

Deo amecheka kuliko sisi sote. Mapengo manne mbele. Zamani alikuwa akiziba mdomo kwa kiganja.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya Misa Petro amedai kwamba Deo alilogwa na madereva wenzake. Sivumilii ujinga, hasa siku ya Bwana. Nimemweleza kwa mpangilio, kama darasani.

Kilichomharibu Deo ni dawa, jina lake methamfetamini. Ilitengenezwa kwanza na mkemia wa Kijapani, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Katika Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Ujerumani na Japani yaliwapa askari na marubani vidonge vyake ili wasilale. Baada ya vita iliuzwa kwa wafanyakazi waliochoka na kwa waliotaka kukonda. Watu wakaharibikiwa akili. Serikali zikaidhibiti. Sasa inapikwa kwa siri na kusafirishwa kwa siri.

Deo aliendesha lori kutoka Dar es Salaam hadi Kabanga, mpakani. Wenzake walimpa chembe kama vipande vya chumvi, wakaziita dawa ya kukesha. Akavuta moshi wake. Siku tatu bila usingizi wala njaa. Moyo ukaenda mbio. Akajikuna hadi vidonda. Mwishowe akaona mtu asiyekuwapo akivuka barabara. Akamkwepa. Lori likaingia mtaroni, meno manne yakang'oka. Uchawi uko wapi hapo?

Petro amefikiri sana. "Kwa hiyo alipewa dawa ya vita, na vita vyenyewe hakuna."

Sawasawa kabisa. Ningempa alama zote.

Jumanne, 19 Agosti

Siku mbaya. Petro ametukumbusha desturi. Mwenye nyumba huonja pombe kwanza mbele ya wageni, waone kuwa haina sumu. Mume wangu hayupo. Kazi ni ya mwana mkubwa. Ni ya Deo.

Muuguzi wa kituo cha afya alimwambia wazi asiguse kilevi chochote. Naye ana sababu. Mwaka jana Deo aliacha kwa wiki tatu. Bia mbili pale Kabanga zikamrudisha kwenye moshi.

Petro akionja badala yake, wakwe watauliza mwana ana nini. Sijawaambia. Niliona aibu. Kosa ni langu.

Deo amesema, "Mama, ni tone moja tu." Nimemkaripia. Maisha yangu yote nimetetea desturi. Leo naichukia hii moja. Naogopa.

Alhamisi, 21 Agosti

Wamekamua ndizi tangu asubuhi. Nyasi, miguu, nyimbo. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, imetiwa unga wa mtama, imefunikwa, itachacha siku mbili. Vyungu vitatu. Deo ametenga mikungu miwili. "Hii nitaikamua Jumamosi asubuhi, Mama. Ya mtobe wangu." Mtobe ni maji matamu ya ndizi ambayo hayajachacha. Kuhusu kuonja hakusema neno. Nami sikuuliza.

Nimekuwa mkali kwa kila mtu. Konsolata amenikumbatia jikoni. Nimelia kidogo. Nimesingizia moshi.

Jumamosi, 23 Agosti

Wageni wameondoka sasa hivi. Jua bado lipo. Niandike kabla furaha haijanichanganya.

Wakwe walifika saa tano. Vigelegele hadi barabarani. Msemaji wao, Mzee Hamisi, ni baba mkubwa wa bwana harusi. Petro alileta chungu cha rubisi katikati, akampa Deo mrija. Deo alisimama. Mrija hakuupokea.

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi nilikuwa mtumiaji wa methamfetamini. Huu ni mwezi wa nane sijaigusa. Rubisi hii ni nzuri, baba mdogo ataionja. Mimi nikiionja, leo mtamuaga dada yangu, na kesho mtaniaga mimi."

Konsolata aliinamisha kichwa. Nilitaka ardhi inifunike.

Mzee Hamisi akakohoa. "Marahaba, mwanangu. Mimi ni Mwislamu. Tangu nikae hapa naitazama hiyo pombe, nikijiuliza hawa watu wa Ngara wataninywesha nini."

Hakuna aliyekuwa amewaza hilo! Sisi ukoo mzima ni Wakatoliki. Vyungu vitatu vya rubisi, na kwa msemaji wa wakwe hata kikombe kimoja hatukuandaa.

Deo alikuwa amekwisha kwenda nyuma ya nyumba. Alirudi na chungu chake cha mtobe, akakiweka mbele ya mzee. Kisha akaonja kwanza, kama desturi inavyotaka. Mrija aliuchomeka kwenye pengo.

"Unakaa wenyewe," akasema.

Mzee Hamisi alicheka hadi akashika kofia isianguke. "Mkwe," akaniambia, "mimi na huyu tuko chungu kimoja." Wanawake wa Nyarubungo wakautaka mtobe. Ukaisha kabla ya rubisi. Deo akarudi kukamua, na shati la sherehe mwilini.

Nilicheza ngoma. Mimi. Petro atalisema hili hadi nife.

Jumapili, 24 Agosti

Misa ya kwanza. Nimerudi saa tatu. Konsolata anaosha vyungu. Deo amelala kwenye mkeka kando ya mtumbwi wa kukamulia, nyasi bado zimemganda mikononi. Jua lilikuwa linamfikia usoni.

Miaka thelathini na minane darasani sikumwacha mtu asinzie. Nimetundika kitenge kwenye kamba kumkinga. Jogoo nimemfunika kwa tenga.

Deo amelala.